Ulinzi wa nyumba Dar: ununue nini kwanza, nini kisubiri

Ingia duka lolote la vifaa vya ulinzi Kariakoo, sema unataka kulinda nyumba, na kabla hujamaliza kueleza boksi la kamera nne litakuwa limeshafunguliwa mbele yako. "Bosi, hii ina kila kitu, unaangalia nyumba yako hata ukiwa Mwanza." Muuzaji hajauliza kama nyumba ni yako au umepanga, kama umeme wa kwako unakatika mara ngapi, wala nani atakuja ukipiga kelele usiku. Yeye anauza kamera, hatumlaumu. Ila mpangilio wa kununua unatakiwa uanzie kwenye maswali hayo.

Ulinzi wowote wa nyumba una kazi tatu: kumchelewesha mwizi, kutoa taarifa kwamba ameingia, na kumleta mtu. Kamera peke yake haifanyi vizuri hata moja kati ya hizo. Sifa yake ni kukumbuka. Kwa hiyo hapa nimepanga vitu kwa kigezo kimoja: saa nane usiku, TANESCO wamekata, bando limeisha, kitu hiki kitakusaidia nini?

Nafasi ya kwanza: grili, kufuli na taa

Najua si habari ya kusisimua. Lakini grili haihitaji umeme, na pesa yoyote utakayoweka kwenye vifaa vya kisasa wakati mlango wa jikoni unafungwa kwa komeo jembamba ni pesa ya maonyesho.

Angalia kwanza madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Mengi yananyanyuliwa kutoka kwenye reli yake yakatoka mazima, hata yakiwa yamefungwa, kwa hiyo bila grili nyuma yake usiyahesabu kuwa kinga. Na hata yenye grili, vibaka wa Dar wanachana wavu kwa wembe na kuvuta simu, suruali au pochi kwa mti mrefu wenye ndoano. Dawa yake haiuzwi dukani: usilaze simu wala nguo yenye pesa mahali mti unapofika.

Kwa mlango wa grili, mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kiboksi cha chuma kinachofunika kufuli, mkono uingie lakini mkasi wa kukatia usipate pa kung'ata. Na kila chumba cha kulala kiwe na angalau grili moja yenye bawaba, inayofunguka kwa ndani, ufunguo wake ukiwa sehemu inayojulikana na watoto na isiyofikika kutoka dirishani. Grili zilizochomelewa pande zote huzuia wezi, na siku ya moto huwazuia wenye nyumba. Namba ya Zimamoto ni 114, lakini hao nao watakutana na grili hiyo hiyo.

Taa za nje za sola zenye sensa zinatosha nyumba nyingi. Chagua ile ambayo betri yake inaweza kubadilishwa.

Nafasi ya pili: king'ora chenye laini ya simu

Hiki ndicho kifaa ambacho watu wa Dar wanakiruka, na ndicho ningekinunua kabla ya kamera yoyote. Kinaundwa na paneli (boksi linaloendesha mfumo mzima), sensa za milango, sensa za mwendo, king'ora chenyewe na rimoti. Ndani ya paneli kuna betri na sehemu ya kuweka laini. Mlango ukifunguliwa wakati mfumo umewashwa, king'ora kinalia na paneli inapiga simu au kutuma ujumbe kwa namba ulizoingiza. Simu na ujumbe wa kawaida havihitaji intaneti.

Hesabu ya betri ndiyo iliyonishawishi zaidi. Betri ya volti 12 na Ah 7, ile nyeusi ya mstatili, ina kama Wh 84, yaani inaweza kutoa wati 84 kwa saa moja. Paneli ndogo inayotumia wati mbili inaweza kukaa nayo zaidi ya siku nzima bila umeme. Rekoda na kamera nne zinazotumia wati 40 zitaimaliza ndani ya saa mbili, na kwa kweli hazifiki hata hapo.

Sensa ya mlango ni sumaku upande mmoja na swichi ndogo upande wa pili. Zikiachana, paneli inajua. Kama mlango wako ni wa chuma, taja hilo dukani, kwa sababu chuma kinapunguza nguvu ya sumaku na zile sensa ndogo nyeupe za plastiki huleta usumbufu. Zipo kubwa za milango ya chuma.

Sensa ya mwendo inastahili maelezo marefu kidogo, maana lawama nyingi zinaanzia hapo. Haioni picha. Inahisi joto la mwili linapokatiza eneo lake, likitofautiana na joto la chumba. Hivyo ifunge pembeni ambapo mtu atapita mbele yake kwa kukatiza, siyo akiijia moja kwa moja. Isitazame dirisha linalopigwa na jua wala pazia linalopeperushwa na feni. Na hapa Dar kuna tatizo la ziada: mwezi wa pili, chumba cha bati kilichofungwa mchana kutwa kinakaribia joto la mwili wa binadamu, na sensa ya bei rahisi inaanza kupofuka. Uliza iliyoundwa kujirekebisha kadiri joto linavyopanda. Mjusi akitembea juu ya kioo cha sensa atakuamsha pia, hilo lizoee. Mafundi wazuri huziba tundu zote za nyuma kwa silikoni ili wadudu wasiingie ndani.

Laini utakayoweka lazima iwe imesajiliwa kwa alama za vidole kama laini nyingine yoyote, na iwe na salio. Isajili kwa jina lako, si la fundi. Namba za kupigiwa zipange kwa umbali: jirani wa ukuta kwa ukuta kwanza, kisha wewe, kisha mtu wa ulinzi shirikishi wa mtaa kama upo. Ukiwa kazini Posta na nyumba iko Chanika, simu ikikufikia wewe wa kwanza utafanya nini zaidi ya kumpigia jirani huyo huyo? Polisi ni 112.

Kampuni za ulinzi zinauza huduma ya gari la kuitikia king'ora kwa malipo ya mwezi. Kabla ya kusaini, uliza swali moja: gari linalohudumia mtaa wangu linalala wapi? Kama jibu ni Mikocheni na wewe uko Mbagala, umepata jibu la mengine yote. Kwa Masaki, Oysterbay, Msasani na Mbezi Beach huduma hii ina maana. Kwa pembezoni, jirani mwenye filimbi anafika mapema.

Na mlinzi? Kama unaye, mpe rimoti yenye kitufe cha dharura aivae shingoni. Mtu mwenye rungu peke yake gizani anaogopa kama wewe. Anayeweza kuwaamsha watu kumi kwa kidole kimoja anafanya kazi tofauti kabisa.

Nafasi ya tatu: kamera za waya na rekoda yake

Sasa tufike kwa kipenzi cha wengi. Kuna aina mbili. Ya kwanza hutumia rekoda iitwayo DVR na waya mnene kama ule wa dishi, huku kila kamera ikipelekewa umeme wake. Ya pili hutumia rekoda iitwayo NVR na waya wa neti wa Cat6, ambapo umeme na picha hupita kwenye waya mmoja kwa urefu wa hadi mita 100. Ya pili ni ghali zaidi na ina picha nzuri zaidi. Kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ya kwanza inatosha. Majina utakayokutana nayo zaidi ni Hikvision na Dahua, yote ya China. Angalia tu usiuziwe mashine iliyotengenezwa kwa soko la ndani la China, ambayo menyu yake haisomeki na programu ya simu inaweza kuikataa.

Usidanganywe na megapikseli. Sura ya mtu inategemea zaidi lenzi na mahali kamera ilipofungwa. Lenzi ya milimita 2.8 inaona uwanja mzima, lakini mtu akiwa mbali anakuwa kivuli tu. Getini weka ya milimita 4 au 6, na uifunge kwenye kimo cha mita mbili na nusu hadi tatu. Mafundi wanapenda kuzipandisha hadi kwenye kenchi, matokeo yake unapata video safi kabisa ya kofia ya mwizi.

Diski nayo ina hesabu yake. Kamera ya megapikseli 2 ikirekodi muda wote kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 21.6 kwa siku. Nne ni GB 86 hivi. Diski ya TB 1 itajaa siku ya kumi na mbili na kuanza kufuta za mwanzo. Ukisafiri kwenda kijijini mwezi mzima, chukua TB 4.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: wati 40 zikiwaka usiku na mchana ni karibu uniti 29 kwa mwezi. Kama uko kwenye ule mpango wa TANESCO wa wateja wadogo wasiozidi uniti 75, kamera zinaweza kukusukuma ukatoka, na uniti zote unazonunua zikapanda bei. Piga hesabu ya LUKU kabla ya hesabu ya boksi.

Intaneti si lazima. Rekoda inarekodi bila bando lolote. Bando ni la kutazama kwenye simu tu. Rekoda yenyewe isikae sebuleni chini ya TV, maana mwizi atabeba vyote kwa mkupuo. Iweke kabatini chumbani au darini penye hewa, ipitie kwenye kilinda umeme kama kile cha friji, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndipo rekoda nyingi hufa. Pia futa utando wa buibui mbele ya lenzi. Usiku mwanga wa kamera huupiga na picha yote inageuka ukungu.

Kuhusu nywila, hili si la kupuuza. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka maelfu ya kamera na rekoda duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, ambazo wenye nazo hawakuwahi kuzibadilisha. Badilisha siku ile ile. Na kifaa kisajiliwe kwenye akaunti yako, kwa barua pepe yako, wewe mwenyewe ukiishika simu. Fundi akisema "nimeshaiunganisha kwenye yangu, nitakushirikisha", mwambie aiondoe. Akiondoka nayo hivyo, sebule yako anayo mfukoni.

Nafasi ya nne: fensi ya umeme

Naiweka hapa kwa sababu inahitaji ukuta wako mwenyewe na uangalizi usiokoma. Mwenye kiwanja chenye ukuta kamili Goba au Madale aipandishe hadi ya pili, sibishani naye.

Kinachofanya kazi ni mashine inayotuma mapigo, takriban moja kila sekunde, ya volti elfu kadhaa lakini ya muda mfupi mno, hivyo inauma na kumrusha mtu bila kumuua. Waya ukikatwa au kugusishwa ardhini, mashine inajua na king'ora kinalia. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Mtu anayekuambia aunge umeme wa ukutani moja kwa moja kwenye waya ili kupunguza gharama anakutengenezea kesi ya mauaji, mfukuze.

Karibu na bahari, kuanzia Kigamboni hadi Kunduchi, chumvi inakula waya wa mabati haraka. Lipia aluminiamu au chuma kisichoshika kutu. Mchanga mkavu nao haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo nondo za ardhini ziwe zaidi ya moja na zishuke kina cha kutosha. Masika ikifika, mwembe wa jirani utaota hadi kwenye waya na kengele itaanza kulia bure. Weka vibao vya tahadhari.

Ya mwisho, isipokuwa kwa mpangaji

Kamera ya waifai inayochomekwa ukutani, kama za Tapo, EZVIZ au Imou, inashika mkia kwenye orodha hii kwa sababu router ikizimika nayo haikufikishii taarifa yoyote. Lakini kwa aliyepanga chumba na sebule Sinza au Tabata, ambaye hawezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba na anaweza kuhama mwezi ujao, inakuwa chaguo la pili baada ya kufuli. Nunua na kadi ya kumbukumbu, na betri ndogo ya kuishikilia router. Itazame mlango wako tu. Uwanja wa pamoja, mlango wa jirani na njia ya bafu la nje si vyako, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha za watu si jambo la kuchezea.

Kamera za bandia zenye taa nyekundu inayomweta: acha.

Ukishaamua, dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, maana bila hiyo waranti ni maneno. Washa kila kitu pale pale dukani. Waya ukwangue kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa umbali mrefu picha itakatika. Na kabla hujamlipa fundi nusu iliyobaki, zima swichi kuu ya nyumba, toka nje, rudi kwa mlango wa nyuma, uone nini kinalia na simu ya nani inaita.