Raki wa Akiba AFL: Tathmini ya Madirisha ya Usajili, na Lipi Linalipa

Katika AFL, ligi kuu ya futiboli ya Kiaustralia, hakuna usajili unaodharauliwa kama wa raki namba mbili. Raki ni yule mtu mrefu anayerukia mpira mwamuzi anapourusha, aupige kwa viungo wake. Msimu mzima anaweza kuwa anakipiga na kikosi cha pili kwenye VFL, ligi ya ngazi ya chini, halafu jioni moja namba moja anateguka bega na kila mtu anauliza: tuna nani? Brisbane Lions walikutana na swali hilo Septemba 2024. Oscar McInerney aliumia bega kwenye mechi ya kuwania fainali dhidi ya Geelong, na fainali kuu ilikuwa wiki moja tu mbele, ambako Sydney walikuwa na Brodie Grundy. Akaingia Darcy Fort. Lions wakashinda 120 kwa 60.

Fort hakuokotwa wiki ile. Lions walikuwa wamemchukua kutoka Geelong mwishoni mwa 2021, akiwa mtu mzima tayari, bila mbwembwe zozote. Usajili wa namna hiyo ndio unaopimwa hapa: dirisha lipi linakupa raki anayeweza kusimama kesho asubuhi, kwa gharama gani, na wapi klabu huliwa.

Kwanza ijulikane kinachonunuliwa. Raki wa akiba wapo wa aina mbili, na kuwachanganya ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Kuna mbadala kamili: huyu hachezi wiki ambayo namba moja ni mzima, lakini namba moja akilala, anabeba robo zote nne. Na kuna msaidizi: anaanza kila wiki kama mshambuliaji mrefu, anashika raki dakika chache kila robo namba moja anapopumzika. Fort ni wa kwanza. Nathan Vardy wa West Coast mwaka 2018 aliangukia katikati: Nic Naitanui alipopasuka goti katikati ya msimu, Scott Lycett akawa raki mkuu na Vardy akawa pacha wake. Tazama tena bao la ushindi la fainali kuu ya mwaka ule, West Coast 79, Collingwood 74. Jeremy McGovern anakata mpira nyuma, Vardy anaupokea pembeni, anamfikishia Liam Ryan, Ryan anampa Dom Sheed. Hapo hakukuwa na mpira wa kurushwa wala kugombea raki. Alichofanya Vardy ni kuwa mahali pa kupokea mpira mrefu, na hiyo ni nusu ya kazi yake ambayo takwimu za mipigo ya raki hazionyeshi.

Sheria nazo zimebana. Tangu 2017 mtu wa tatu haruhusiwi kurukia mpira unaogombewa na raki wawili, kwa hiyo raki dhaifu hafichiki tena nyuma ya kiungo mrefu. Mabadilisho ni 75 kwa mechi, maana yake namba moja hawezi kuingia na kutoka atakavyo. Kuanzia 2026 benchi lina watu watano na sub, yule wa akiba aliyeruhusiwa kuchukua nafasi ya mmoja tu, ameondolewa, jambo linalomrahisishia kocha kutetea raki wa pili kwenye kikosi cha siku. Na mpira wa katikati haudundishwi tena, unarushwa juu, huku raki wakizuiwa kuvuka mstari wa kati na kushikana kabla ya wakati. Anayenufaika ni mrukaji. Raki mzito aliyezoea kumkalia mwenzake kwa mwili anabaki na thamani kwenye mipira ya kurushwa kutoka pembeni, lakini katikati amepoteza silaha.

Sasa madirisha yenyewe.

Dirisha la Oktoba, la kubadilishana wachezaji, ndilo bora, na si kwa kiduchu. Sababu ni moja: klabu nyingi zina raki wa pili au wa tatu aliyekwama nyuma ya mtu ambaye hatatoka, na mchezaji huyo bei yake ni ndogo kuliko uwezo wake. Richmond walimpata Toby Nankervis kutoka Sydney mwishoni mwa 2016 kwa chaguo namba 46 tu la drafti, yaani zamu ya kuchagua wachezaji wapya. Akachukua ubingwa wa 2017, 2019 na 2020, kisha akawa nahodha. Jordon Sweet alikuwa amekwama Western Bulldogs kwa sababu Tim English alikuwa mbele yake. Port Adelaide wakamchukua mwishoni mwa 2023, dirisha lile lile walilomchukua Ivan Soldo kutoka Richmond. Soldo ndiye aliyeonekana chaguo la kwanza, lakini Sweet ndiye aliyeishia kuwa raki mkuu. Kuchukua wawili kwa mpigo kunaonekana ubadhirifu, lakini kwa nafasi hii ni akili: miili ya watu wa mita mbili huvunjika, na wote wawili bado walikuwa nafuu kuliko jina moja kubwa.

Jina kubwa ndilo mtego wa dirisha hili. Melbourne walimchukua Grundy mwishoni mwa 2022 ili acheze sambamba na Max Gawn. Kwenye karatasi ilikuwa raha tupu: raki wawili wa hadhi ya juu kabisa nchini. Uwanjani mmoja wao ilibidi akae mbele kama mshambuliaji, na hiyo si kazi ya Grundy wala si ya Gawn. Baada ya msimu mmoja Grundy akaenda Sydney. Collingwood, waliomwachia, walibeba ubingwa wa 2023 wakiwa na Darcy Cameron na Mason Cox, wawili ambao kwa pamoja hawakuwa na jina la Grundy. Namba moja wa pili si namba mbili, ni gharama ya mshahara inayosubiri kuomba kuondoka.

Wachezaji huru ni mlango wa pili kwa ubora, hasa kwa klabu isiyotaka kugusa chaguo zake za drafti. Mkongwe aliyemaliza mkataba huja bila klabu kutoa chaguo lolote. Essendon walifanya hivyo kwa Todd Goldstein alipotoka North Melbourne mwishoni mwa 2023 akiwa na miaka 35. Ubora wa mkongwe ni kwamba hahitaji kufundishwa namna ya kusimama kwenye mpira wa pembeni. Ubaya wake unajulikana: akilazimika kucheza wiki nyingi mfululizo, miguu inakataa, na akikaa nje muda mrefu hupoteza pumzi ya mechi ambayo umri haumrudishii haraka. Mpe mwaka mmoja, na mwaka huohuo uwe na kijana anayekua chini yake.

Drafti ya taifa ya Novemba, kwa kazi hii, ipite kando ukitafuta mtu wa msimu ujao. Raki wa miaka 18 huchukua miaka kadhaa kukomaa; Gawn mwenyewe alichaguliwa namba 34 mwaka 2009 na haikuwa jana wala juzi alipotawala. Isipokuwa ukichagua mtu mzima kutoka ligi za majimbo. Fort aliingia AFL kwa njia hiyo, Geelong wakimtoa SANFL, ligi ya Australia Kusini, mwaka 2018 akiwa na miaka 25. Drafti ya wanagenzi, wachezaji wa nafasi za nyongeza kikosini, inayofuata ni ya aina hiyohiyo kwa bei ya chini zaidi: Rowan Marshall wa St Kilda na McInerney wote walipita huko.

Wanagenzi wa daraja B ni bidhaa ya kipekee. Kikosi cha AFL kina kikomo cha watu 44, na nafasi mbili kati ya hizo zimetengwa kwa watu kama wanamichezo waliokaa miaka mitatu bila kusajiliwa kwenye futiboli ya Kiaustralia. Hapo ndipo wanapoingia wacheza kikapu na wanariadha. Mason Cox, Mmarekani wa sentimita 211, aliingia Collingwood mwaka 2014 bila kuwahi kucheza mchezo huu, na mechi yake ya kwanza ilikuwa siku ya Anzac, sikukuu ya kukumbuka wanajeshi, mwaka 2016. Mark Blicavs alitoka kwenye mbio za kuruka viunzi na maji, akawa nguzo ya Geelong. Soldo alitoka kwenye kikapu. Mchezaji wa kikapu huja na kuruka, mikono na kusoma mpira angani. Asichokuja nacho ni mpira wa duaradufu ukiwa chini kwenye tope, na kugongwa akiwa ameupa mgongo msongamano. Hesabu miaka miwili kabla ya kumtegemea. Kama mradi ni dili. Kama jibu la tatizo la mwezi ujao ni kujidanganya.

Kipindi cha nyongeza kabla ya msimu hakiandikwi sana na kinastahili zaidi. Klabu yenye nafasi tupu inaweza kumwalika mchezaji afanye mazoezi nayo, ikamtazama kwa wiki kadhaa, kisha ikaamua. Hakuna dirisha lingine linalokuruhusu kujaribu kabla ya kulipa. Raki aliyeachwa na klabu nyingine, au mkubwa wa VFL, anapangwa dhidi ya namba moja wako mazoezini na ukweli unaonekana ndani ya siku chache.

Kinachobaki ni dirisha dogo, ile drafti ya katikati ya msimu iliyorudishwa 2019. Hapa alama zinashuka. Linapofika, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, klabu huwa na hofu, na hofu ni mnunuzi mbaya. Lazima uwe na nafasi tupu, kwa kawaida kwa kumweka majeruhi wa muda mrefu kwenye orodha ya wasiocheza. Timu ya mkiani huchagua kwanza, kwa hiyo klabu inayowania ubingwa, ambayo ndiyo yenye haraka ya raki tayari, inafika wakati bora ameshachukuliwa. Na aliyechukuliwa anaingia katikati ya msimu bila kujua ishara za viungo wake. Sifa za dirisha hili zilijengwa na Marlion Pickett, ambaye mechi yake ya kwanza ilikuwa fainali kuu ya 2019 na Richmond, na Jai Newcombe wa Hawthorn mwaka 2021. Wote ni viungo. Kwa raki, mfano wa haki ni Ned Moyle, aliyechukuliwa na Gold Coast 2021 akaanza kujifunza nyuma ya Jarrod Witts: uwekezaji mzuri, lakini wa subira, si wa kuokoa msimu.

Dirisha lolote utakalotumia, ukaguzi ni uleule, na wengi huufanya nusunusu. Usianze na idadi ya mipigo. Kwenye ligi za majimbo raki wa sentimita 205 anaweza kupiga mipira mingi dhidi ya mtu wa 193, na nusu ikaangukia miguuni kwa wapinzani. Hesabu mipigo iliyomfikia kiungo wake akiwa anakimbia. Kisha tafuta mechi alizokutana na raki aliyewahi kucheza AFL, utazame robo ya nne tu. Angalia mambo mawili: kwenye mpira wa kurushwa kutoka pembeni, nani anapata nafasi ya mbele na kwa kiungo gani cha mwili, nyonga au mkono ulionyooka? Mkono ulionyooka utampa mwamuzi sababu ya kupuliza. Pili, mpira ukishatua chini, anachukua hatua ngapi kabla hajaanza kukimbia tena? Raki anayesimama kutazama matokeo ya mpigo wake anaipunguzia timu mtu mmoja kila mpira unaporushwa.

Halafu mpira mrefu wa kujiokoa. Timu ikibanwa nyuma, hupiga mrefu kando ya mstari kwa mtu mkubwa kuliko wote. Si lazima adake. Inatosha apeleke mpira nje au aushushe miguuni mwa wenzake. Asipoweza, kila shambulio la wapinzani linarudi, na mabeki ndio wanaolaumiwa.

Mkono anaopigia nao ni jambo dogo linalosumbua kuliko inavyodhaniwa. Viungo hupanga mahali pa kupokelea kwa kufuata mkono wa namba moja. Akija wa akiba anayetumia kushoto, sehemu nyepesi za kuangushia mpira zinageuka, na viungo wanajikuta wamesimama upande usio wake. Dawa si kumkataa. Ni kumpa dakika na viungo wa kwanza kila wiki mazoezini, badala ya kumwacha afanye kazi na kikosi cha pili peke yake hadi siku ya dharura.

Kwa daktari, agiza picha za MRI za goti, bega na mgongo wa chini, usikubali ripoti ya maneno. Ligamenti ya nyuma ya goti ndiyo ya kuangaliwa kwanza: migongano ya magoti angani ndiyo iliyosababisha ligi kuchora duara la mita 10 ili kupunguza kasi ya kukimbilia mpira wa katikati. Bega lililowahi kuteguka si la kukataliwa papo hapo, ila mkataba uwe mfupi.

Mwisho ni namna ya kumshika. Braydon Preuss alikuwa nyuma ya Goldstein pale North Melbourne, akaenda Melbourne kuwa nyuma ya Gawn, na baada ya misimu miwili akaondoka tena kwenda klabu ya GWS. Hilo ni la kawaida, lipangie. Mkataba wa miaka miwili, uishe mwaka tofauti na wa namba moja, na ikifika msimu wake wa pili klabu iwe imeshaanza kuzungumza na raki wa kumrithi.