Full Thrust kwa anayependa meli nyepesi: kasi inalipa, ila kwa masharti

Kanuni za Full Thrust, mchezo wa mezani wa vita vya meli za angani, toleo la pili la 1992, zinapakuliwa bure kutoka kwa Ground Zero Games ya Uingereza, pamoja na Fleet Book 1 ya 1998. Ukitaka kucheza na kundi la meli nyepesi, usianze bila hicho kitabu cha pili. Ndicho chenye hesabu ya kuunda meli, na hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama wepesi wako utakufaa au utakuponza.

Kila pointi ya msukumo, yaani nguvu ya injini ya kubadili kasi na kugeuka, hula asilimia 5 ya uzito wa meli. Chukua meli ya uzito 20: msukumo 8 unameza uzito 8, injini ya kuruka kati ya nyota 2, na mwili dhaifu 4. Zinabaki 6 tu. Kielekezi cha shabaha kinachukua 1, mtambo wa miale wa daraja la pili 2, na 3 zilizosalia ziende zote kwenye vifurushi vya makombora vinavyofyatuliwa mara moja tu. Topido ya mpigo inatamanisha, lakini inakula 4 na inalenga upande mmoja tu, nayo meli inayopita ubavuni mwa adui kwa kasi mara nyingi haipati muda wa kumweka mbele ya omo.

Mwili wa uzito 4 una visanduku 4 vya madhara, navyo hugawanywa safu nne, yaani kimoja kila safu. Safu ikifutika, kila mtambo ulio hai hurushiwa dadu: safu ya kwanza, 6 inaua mtambo, ya pili, 5 au 6, ya tatu, 4 kwenda juu. Manowari kubwa hufika hapo baada ya kipigo kirefu. Wewe unafika kwa kila pointi moja ya madhara. Injini ikipatwa, msukumo 8 unashuka hadi 4 na meli yenye kasi ya 24 inapitiliza mbali na vita. Kielekezi kikifa, meli haiwezi kufyatua, ni abiria. Wengine huongeza kielekezi cha pili. Afadhali uongeze meli.

Sasa masafa. Miale ya daraja la tatu ya adui hurusha dadu 3 ndani ya vipimo 12 (kipimo ni inchi au sentimita), dadu 2 hadi 24, na 1 hadi 36. Dhidi ya meli isiyo na ngao, dadu moja huleta wastani wa pointi 0.8: 4 na 5 ni pointi 1, na 6 ni pointi 2 na dadu inarushwa tena. Kwa hiyo kuzubaa kati ya 12 na 24 ni kujiua, maana hapo miale yako ya daraja la pili ina dadu 1 na kila mtambo wa adui wa daraja la tatu una 2. Ama uwe nje ya 36, ama uwe ndani ya 6, ambako kila kifurushi hurusha dadu 3. Dadu 9 za vifurushi vitatu pamoja na 2 za miale ni dadu 11, karibu pointi 9 kutoka kwa chombo kimoja kidogo.

Utamu wa mchezo uko kwenye karatasi ya amri, kwa sababu wote huandika kwa siri kabla ya kusogea. Nusu ya msukumo inaruhusiwa kugeuza, na kila pointi ni digrii 30. Ukiwa na kasi 20 ukaandika "P4 +4", yaani pointi 4 za kugeuka kushoto na 4 za kuongeza kasi, kasi inakuwa 24: unageuka digrii 60 kushoto, unakwenda vipimo 12, unageuka 60 nyingine, unamalizia 12. Adui wa msukumo 4 hawezi kuzidi digrii 60 kwa zamu nzima. Lenga tezi yake: meli iliyotumia injini kuu zamu hiyo haifyatui nyuma. Usipeleke kundi zima kwa njia moja. Gawa mistari miwili, ili akiugeukia mmoja aupe wa pili mgongo. Ufyatuaji ni wa kupokezana, meli kwa meli, na madhara huhesabiwa papo hapo, basi anza na ile yenye vifurushi na iliyo hatarini zaidi.

Kasoro zipo. Kwa inchi, meza ya futi 6 kwa 4 haitoshi kwa kasi ya 24. Pima kwa sentimita, kanuni zinaruhusu. Kubwa zaidi ni ndege za kivita. Kikosi kimoja cha ndege 6 kikishambulia kwa dadu 6 huleta karibu pointi 5, na meli yako ina 4. Mtambo wa kudungulia una uzito 1 lakini hulinda chombo chake tu, kwa hiyo kila meli italazimika kuacha kifurushi kimoja. Kubalianeni idadi ya vikosi vya ndege kabla hamjaunda meli.