Siku ya sinema Mji Mkongwe: msimu wa tamasha la filamu au siku ya kawaida?

Kila mwaka swali hili hurudi, hasa kwa anayekuja Unguja peke yake.

Kwa gharama, siku ya kawaida inashinda wazi. Nyumba za wageni hazijajaa, na unachotembelea ni majengo, kwa miguu. Anza mtaa wa Vuga, kwenye Majestic, jumba la sinema la zamani. Hapo palikuwa na jumba la Royal la mwaka 1921. Liliteketea, na hili la sasa likajengwa miaka ya 1950. Simama ng'ambo ya barabara, utazame uso wake. Kisha mtafute mzee kwenye baraza, umuulize habari za filamu za Kihindi. Hapo ndipo siku inapoanza hasa, na atakayekuja na kundi la watu sita hayapati mazungumzo hayo.

Ila filamu yenyewe huioni. Ukitaka kukaa chini ya nyota ndani ya Ngome Kongwe, pazia jeupe mbele yako, ngoja Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanza 1998. Ratiba huweza kuteleza, basi usipange kurudi kwa boti jioni ile ile. Upweke nao haupo: jirani wa kiti atakutafsiria mzaha usioudaka.

Chakula ni sare, urojo wa bustani ya Forodhani upo misimu yote.

Mwenye siku moja na mfuko mwembamba, Vuga inamtosha. Mwenye siku tatu na asiyechukia msongamano, angoje tamasha.