Zoom kipindi cha korona, nyota nne

Siku hizi watu wanaiponda hii app ya vikao vya video ila mi naipa nyota nne. WHO (Shirika la Afya Duniani) ilipotangaza janga Machi 11, 2020 haikuchukua muda ofisi zikafungwa, bosi akatuma linki, mshahara ukakatwa nusu, yaani kazi yote ikabaki kwenye kioo cha simu. Kuitumia ni rahisi mno, unabonyeza linki umeingia, hata mama mkwe aliweza (japo tulikuwa tunaona paji la uso tu). Kikao cha bure cha watu wengi kilikuwa kinakata dakika ya 40 na kwangu hiyo ndo sehemu bora kabisa, wenye mabosi waongeaji mnanielewa. Shida ni bando. Ukiwasha video inakula data balaa na hela ndo hiyo imekatwa, sasa mtoto naye ana kipindi mtandaoni, inabidi uzime kamera ubaki na sauti tu. Alafu saa za kazi zikapotea, kikao usiku unaitikia "ndiyo bosi" huku unakoroga sufuria. Ila kwa mafundi, madereva na wahudumu wa hoteli haikusaidia chochote, wengi wao walikaa tu nyumbani bila kipato.