Mafunzo ya kuchangisha fedha, Wandegeya, Kampala: nyota tatu kati ya tano

Nililipa shilingi 40,000 kwa mafunzo ya siku moja. Kikundi chetu ni akina mama saba wa Bombo. Tunachangisha pesa za chakula cha wanaouguza jamaa zao katika hospitali ya Mulago, wale wanaolala kwenye mikeka. Siku nyingi nilisimama na ndoo yangu kwenye stendi ya zamani ya teksi, yaani mabasi madogo ya abiria, nikaambulia "samahani mama" tu.

Asubuhi ilipita bila la maana. Baada ya chai mkufunzi akatueleza utafiti wa Robert Cialdini na David Schroeder, Marekani, 1976. Waliopita nyumba kwa nyumba kuombea kazi ya kupambana na saratani waliongeza maneno machache: hata senti moja itasaidia. Waliotoa wakapanda kutoka kama 29 hadi 50 katika kila watu mia, na viwango vya michango havikushuka. Mtu hawezi tena kusema alicho nacho ni kidogo mno, na akishaingiza mkono mfukoni anaona haya kutoa senti.

Jumatatu nikajaribu. "Ssebo (bwana), hata mia mbili itasaidia." Konda mmoja, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole vyake, akanitazama.

"Mama, mia mbili inanunua nini?"

"Ikikutana na za wenzako, kikombe cha uji."

Akachomoa noti ya elfu moja, akainyoosha pajani, akaitia ndooni. Teksi ilikuwa imeshaanza kuondoka, akairukia mlangoni. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Lakini tulifundishwa pia kumvalisha mpita njia bangili ya shanga kabla hajasema neno, ndipo umwombe. Najua inafanya kazi: aliyepokea kitu hujiona ana deni. Ndiyo maana sitaifanya. Pale stendi kuna watu wenye nauli ya kuwafikisha nyumbani tu, na huyo akivalishwa atatoa hiyo nauli. Nilipomwuliza mkufunzi, akacheka akaendelea na somo.

Wala hatukufundishwa kumwonyesha mtoaji pesa yake ilikwenda wapi. Sisi hubandika kwenye ndoo karatasi ya hesabu ya wiki iliyopita: kilo za unga, sukari, kuni. Watu huinama kuisoma.

Ukienda, chukua daftari, maana hawagawi karatasi. Na ukifika mchana, hujakosa kitu.