Chama cha waonjaji mvinyo: uzoefu wangu, na madaftari yaliyonifanya nibaki

Nianze na hukumu ili asiyetaka maneno mengi aende zake: kama unatafuta mahali pa kunywa mvinyo kwa bei nafuu, usijiunge na chama cha waonjaji. Ada ya mwaka ingekununulia chupa nyingi tu, na nyumbani kwako hakuna atakayekuwekea ndoo ya kutemea. Lakini kama unapenda kujua mvinyo ulifikaje hapa ulipo, na watu wa kawaida walikuwa wakiuonaje kabla yako, chama chenye umri kinaweza kukupa kitu kisichouzwa dukani. Changu kimenipa, ingawa sicho walichonitangazia.

Walichonitangazia ni kikao cha kila mwezi, chupa sita mezani, mtu wa kuongoza, glasi safi na karatasi ya kuandikia. Vyote vipo. Glasi ni zile ndogo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, za kiwango cha kimataifa ISO 3591 kilichowekwa mwaka 1977. Unamiminiwa mililita 50 hivi, kwa hiyo chupa moja ya mililita 750 inawatosha watu 15. Kidogo, utasema. Zidisha mara sita, kisha uone kwa nini ndoo ipo. Wageni huona aibu kutema mbele za watu, nao wanachama wa zamani hutema kwa ustadi wa kutisha, bila tone kuanguka pembeni. Anayemeza kila kitu huonekana kwenye maandishi yake: mstari wa chupa ya kwanza umenyooka, wa chupa ya sita unapanda mlima.

Sasa tuje kwenye historia, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwanachama mpya hupewa kijitabu kinachosimulia chama kilivyoanza. Kijitabu hicho ni kibaya. Kimejaa majina ya wenyeviti, picha za karamu, na sura ya kwanza inayokinasibisha chama na udugu wa kale wa waonja mvinyo wa Ufaransa, wale wa majoho mekundu na nembo shingoni. Ukikisoma utadhani watu wamekuwa wakikaa mezani na kuinua glasi kwa heshima ile ile tangu enzi za wafalme.

Ukweli wa vyama hivi una utamu zaidi. Jurade ya Saint-Émilion, mji wa mvinyo karibu na Bordeaux, ni ya mwaka 1199 kweli, lakini wakati ule lilikuwa baraza la kuendesha mji na kusimamia biashara yake. Lilivunjwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na hiyo tunayoiona leo na majoho yake ilifufuliwa mwaka 1948. Confrérie des Chevaliers du Tastevin, ambayo kwa mavazi ungeikadiria miaka mia tano, ilianzishwa mwaka 1934 huko Nuits-Saint-Georges, mji wa mkoa wa Burgundy nchini Ufaransa. Dunia ilikuwa imeanguka kiuchumi, mvinyo wa Burgundy haununuliki, na watu wenye akili wakaona kwamba kama wanunuzi hawaji basi waalikwe kula, waimbe, na wavishwe nishani. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1933, André Simon, Mfaransa aliyeishi London, alikuwa ameshiriki kuanzisha jumuiya ya mvinyo na chakula ambayo baadaye ilizaa matawi katika nchi nyingi. Mpangilio wa vikao ambao wengi wetu tunauita wa asili, wa kula, kuonja na kujadili, umetokana kwa sehemu kubwa na watu wa miaka hiyo.

Kuna kisa kingine ninachokipenda kuliko hivyo vyote, nacho hakimo kwenye kijitabu. Baada ya maonyesho ya kimataifa mjini London mwaka 1874, mapipa ya mvinyo wa Ureno yalibaki katika vyumba vya chini vya ukumbi wa Royal Albert Hall, yamesahauliwa. Ikaandaliwa milo ya mchana ili watu wayaonje, walioonja wakataka kununua, na hapo ikazaliwa ile inayoitwa The Wine Society, ushirika ambao kila mwanachama ana hisa moja. Ipo hadi leo. Kwa hiyo ukiniuliza vyama vya mvinyo vilitoka wapi, nitakujibu kwamba vingi vilitokana na mzigo uliokosa mnunuzi. Hata chetu, wazee wanasema, kilianza kwa watu wachache kuchangia kasha la chupa 12 ambalo hakuna mmoja wao aliyeweza kulimaliza peke yake. Mambo ya nembo yalikuja baadaye. Sijui kwa nini kamati inaona haya kuliandika hilo.

Kitu cha thamani kiko kwenye kabati nyuma ya ukumbi: madaftari ya vikao. Kila kikao kina kurasa zake, kila chupa ina jina, mwaka wa mavuno na maneno ya walioonja. Niliyaomba siku moja ili kupoteza muda kabla ya kikao, na tangu hapo nimekuwa nikifika mapema.

Kurasa za zamani kabisa zina maneno machache. "Mzuri." "Safi sana." "Mzito, wa kiume." Baadaye zinaingia alama, kwanza kati ya 20 kama walivyokuwa wakifanya wataalamu wengi, kisha kati ya 100 baada ya Mmarekani Robert Parker, aliyeanza jarida lake mwaka 1978, kuufanya mtindo huo uenee. Kuna kurasa ambazo mikono miwili inagombana: mmoja anaandika 17, mwingine 91, na wa tatu anaandika pembeni kwamba namba hazinywewi.

Halafu, ghafla, harufu zinapata majina. Tufaha la kijani. Maganda ya limau. Majani yaliyokatwa. Moshi. Mabadiliko hayo yana chanzo. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzake, walichapisha gurudumu la harufu, mchoro wa duara unaoanza na makundi makubwa katikati na kutawanyika hadi harufu moja moja pembeni. Lengo lilikuwa watu waache maneno kama "wa kiume" na "wenye heshima", watumie yale ambayo mwingine anaweza kuyahakiki kwa pua yake. Chama chetu kililipokea gurudumu hilo kwa shangwe, na ukisoma utaona faida yake, kisha utaona na ugonjwa wake: baada ya muda kila mvinyo mweupe una tufaha la kijani, liwepo lisiwepo.

Dawa ya ugonjwa huo tunayo, na ni kikao bora kuliko vyote vya mwaka. Kiongozi hutumia glasi nyeusi tii, usiweze kuona rangi. Kabla ya kuanza hutusimulia utafiti uliochapishwa mwaka 2001, ambapo wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameshaiamulia pua. Baada ya kusikia hayo, hakuna anayekimbilia kusema kitu. Watu huinama, hunusa, hunyamaza. Mvinyo mweupe uliolala kwenye mapipa ya mwaloni huwapotosha hata wenye uzoefu, na mwekundu mwepesi ukipoozwa kidogo hupita kwa urahisi. Ukakasi tu ndio unaosaidia, ule wa kukausha ulimi na fizi, kwa sababu tanini, yaani kitu kinacholeta ukakasi huo, hutoka zaidi kwenye maganda na mbegu, na mvinyo mweupe kwa kawaida hauchachushwi pamoja navyo.

Ukurasa ninaoupenda kupita yote unahusu Chile. Kwa miaka mingi chama kilionja Merlot ya huko, mvinyo mwekundu wa zabibu ya jina hilo, na mara kwa mara wanachama waliandika malalamiko yale yale: "pilipili hoho mbichi", "majani", "haifanani na Merlot ya Ufaransa". Mmoja akafika mahali pa kuandika kwamba Wachile hawajui kuvuna. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa Jean-Michel Boursiquot alikagua mizabibu ya Chile na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya hiyo "Merlot" ilikuwa zabibu nyingine kabisa, Carmenère, aina ya zamani ya Bordeaux ambayo huko kwao ilikuwa karibu imetoweka baada ya filoksera, yule mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya kuanzia miaka ya 1860. Vipando vilikuwa vimepelekwa Chile kabla ya janga, mdudu hakuvifuata, na aina mbili zikachanganyika shambani. Carmenère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot. Ukizivuna siku moja, ile inayochelewa inaingia pipani na ubichi wake, na ladha ya pilipili hoho ndiyo alama yake.

Soma tena kurasa hizo ukijua hivyo. Watu wasio na maabara, wakiwa na glasi na kalamu tu, walikuwa wameona tofauti miaka kabla haijapewa jina. Na hawakushawishiwa na lebo, waliandika walichonusa. Hapo ndipo niliposema nitalipa ada ya mwaka unaofuata.

Na si Chile peke yake. Kuna mvinyo mtamu wa Austria uliosifiwa kwa "mwili mnene", na kando yake wino mwekundu wa tarehe ya baadaye unaelekeza kwenye kashfa ya 1985, wafanyabiashara wa huko walipogundulika kuutia mvinyo kemikali ya dietilini glikoli ili uonekane mzito na mtamu zaidi. Aliyeandika hakuifuta sifa ya kwanza. Ameziacha zote mbili zisomwe. Kuna chupa kadhaa za zamani zilizolaumiwa kwa kunuka karatasi iliyoloa, na lawama zote zikamwangukia mtengenezaji. Katika miaka ya 1980 watafiti walibaini kwamba harufu ile husababishwa na trikloroanisoli, kemikali inayotokea hasa kwenye vizibo vya magome ya mti, na pua huweza kuikamata hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Kuanzia hapo madaftari yanaandika "kizibo" na kusonga mbele.

Mjuzi mmoja wa chama hupenda kukumbusha kwamba ule uonjaji maarufu wa Paris wa tarehe 24 Mei 1976, ulioandaliwa na Mwingereza muuza mvinyo Steven Spurrier, ambapo waamuzi wa Kifaransa waliupa ushindi mvinyo wa California mbele ya majina makubwa ya Bordeaux na Burgundy, ulihudhuriwa na mwandishi wa habari mmoja tu, George Taber wa jarida la Time. Asingekuja, habari ingeishia chumbani. Huwa anayasema hayo akimtazama katibu, na katibu huelewa.

Maana hapa ndipo ilipo kasoro kubwa. Kuna miaka kadhaa ambayo haipo. Kamati iliyokuwepo iliamua madaftari ni mambo ya kizamani, ikahamishia maelezo yote kwenye programu ya simu. Programu ikafungwa na waliokuwa wakiiendesha, na kila kitu kikaenda nayo. Ukiuliza tulionja nini kipindi hicho unapata majibu matatu kutoka kwa watu wawili. Sasa tumerudi kwenye karatasi, na wanachama vijana wanapiga picha kurasa za zamani moja moja, kazi inayokwenda taratibu kwa sababu ufunguo wa kabati anao mtu mmoja, na akisafiri, historia husafiri naye.

Kasoro ndogo nazo zipo. Taa za ukumbi ni za manjano, huwezi kutofautisha mvinyo mwekundu mchanga na mkongwe kwa rangi ya ukingo wake. Wapo wanaokuja wamejipulizia manukato yanayofika kabla yao. Na kuna vikao vinavyoongozwa na wauzaji: hivyo mimi siviendi tena. Chupa huwa nzuri, lakini fomu ya kuagiza inapita mezani kabla hujamaliza kunusa, na ajabu ni kwamba katika kurasa za vikao hivyo hakuna mvinyo uliowahi kupata chini ya wastani.

Anayefikiria kujiunga na chama chochote cha aina hii, aulize kwanza kama wanaandika, wanaandika wapi, na kama mgeni anaruhusiwa kusoma. Wakikuonyesha picha za karamu badala ya maandishi, fikiri mara mbili. Aulize pia kama huwa wanaonja mvinyo ule ule tena baada ya miaka. Sisi hufanya hivyo mara moja kwa mwaka, chupa ikiwa imefunikwa, kisha maandishi ya zamani yanasomwa kwa sauti. Aliyewahi kusema mvinyo fulani "utadumu miaka ishirini" hukaa hapo akisubiri hukumu.

Nawapa nyota nne. Kijitabu kiandikwe upya, na ufunguo wa pili wa kabati uchongwe.