Shokapu na seti za kuinua pikapu: kipi ununue kwa njia za Tanga

Pikapu inayoshuka na machungwa ya Muheza au viungo vya Amani huanza kuonekana fupi kabla haijazeeka. Nyuma imelala, matairi yanagusa matao, difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli, linakwaruza tuta la katikati ya njia. Mwenye gari anakwenda gereji akitaka liinuliwe, kumbe mara nyingi linachohitaji ni kurudishwa lilipokuwa, kisha kuongezewa kidogo tu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na bei zake ni tofauti. Kwa hiyo anza na futikamba.

Simamisha gari mahali tambarare, bila mzigo, upepo wa matairi ukiwa sawa. Pima wima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi, magurudumu yote manne, uandike kwa milimita. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lililolika litakudanganya. Kulia na kushoto zikipishana kiasi cha kuonekana kwa macho, kuna springi iliyochoka au bapa lililovunjika, na hilo linatengenezwa kwanza.

Jambo la pili la kujua ni mbele ya gari lako kumejengwaje. Hilux Vigo na Revo, Ranger za kuanzia 2011, D-Max za kuanzia 2012 na Navara za D40 na zilizofuata zina springi za koili mbele, shokapu ikipita katikati yake. Hilux za 1997 hadi 2004 za magurudumu manne, D-Max za kizazi cha kwanza na Nissan Hardbody zina fimbo ya kujipinda badala ya koili. Land Cruiser mkonga ya 79 ina koili mbele, lakini juu ya ekseli nzima. Nyuma, karibu zote hizi zina springi za mabapa. Muuzaji akikuambia seti yake inaingia "pikapu zote", ondoka dukani.

Na hili lieleweke mapema: springi ndefu hainui difu la nyuma. Inainua chasisi na bodi, ila difu limefungwa kwenye ekseli, na ekseli imebebwa na tairi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa peke yake, tena nusu tu ya kilichoongezeka. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, difu linapanda 13, na spidi mita ikisoma 80 wewe unakwenda karibu 83.

Nafasi ya kwanza: springi na shokapu za seti moja, kuinua milimita 40 hadi 50

Hiki ndicho cha kununua kama gari linafanya kazi kweli kweli: Maramba, Kilindi, mashamba ya mkonge, njia za Amani wakati wa masika. Seti yenye maana ina koili mbili za mbele, mabapa ya nyuma pande zote mbili, shokapu nne, bushi, pini, shekeli (viungo vinavyoshika ncha ya mabapa kwenye chasisi) na yuboliti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga mabapa kwenye ekseli). Old Man Emu, Ironman 4x4, Tough Dog na Dobinsons, zote za Australia, huuza seti za namna hii kwa kila modeli, na kila moja ina springi za uzito tofauti.

Hapo kwenye uzito ndipo watu wengi wanapokosea. Springi huchaguliwa kwa mzigo wa kudumu, yaani ule usioshuka kwenye gari: bampa ya chuma, winchi, fremu ya nyuma, tenki la ziada, kasha la vifaa. Saruji unayobeba kutoka Pongwe mara moja kwa mwezi haihesabiwi humo. Mtu akinunua springi za kilo 500 na gari lake halina chochote nyuma, atapata pikapu inayorukaruka kwenye vijituta vya barabara ya vumbi, tairi la nyuma likiacha ardhi kwenye kona, na shokapu mpya zikifa mapema kwa kupambana na springi ngumu kupita kiasi. Peleka gari kwenye mizani, pima ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, halafu ndiyo uagize.

Kwa nini 50 na si 100? Kwenye gari la koili mbele, kila unavyoinua, shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele zinapinda zaidi kwenye viungo vyake. Kufikia milimita 50 zinavumilia. Zaidi ya hapo buti za raba zinazofunika viungo hivyo zinasuguana mikunjo kwa mikunjo, zinachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na kiungo kinaanza kulia ukikata kona. Mkono wa juu, ule unaounganisha gurudumu na chasisi, nao unakaribia mwisho wa safari yake, na fundi wa alaimenti, yaani wa kunyoosha pembe za magurudumu, anakosa nafasi ya kurekebisha. Ukitaka zaidi ya 50, ingiza kwenye bajeti mikono mipya ya juu na vipande vya kushushia difu la mbele. Bila hivyo usianze.

Sasa shokapu zenyewe. Kuna za mirija miwili, moja ndani ya nyingine, na kuna za mrija mmoja wenye gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto. Oili ikichemka na kuchanganyika na hewa inakuwa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Ndiyo maana gari lililokuwa imara asubuhi linaanza kuyumba baada ya saa mbili za rafu rodi. Mrija mmoja unapoa haraka zaidi kwa kuwa oili inagusa ukuta wa nje moja kwa moja. Bilstein wanajulikana kwa aina hiyo. Udhaifu wake ni kwamba ukuta huo ndio silinda, na jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama. Za mirija miwili zinavumilia jiwe, na zile nene zenye povu maalumu ndani badala ya gesi (kipande kama sponji, si lile povu la oili) zinavumilia na joto pia. Kwa mawe ya Usambara na mizigo, sisi tunachagua nene za mirija miwili zenye povu. Kwa anayekimbia masafa marefu ya vumbi bila mzigo mkubwa, mrija mmoja.

Chumvi ya pwani inaongeza sharti jingine. Fimbo ya shokapu ina krome, na krome ikipata vitundu vya kutu, kila inapopanda na kushuka inakwangua sili mpaka oili itoke. Kwa gari linalolala Raskazone au linaloshinda Pangani, nunua zenye kifuniko cha fimbo, cha raba au cha chuma, hata kama bei inapanda kidogo.

Nafasi ya pili: shokapu mpya peke yake, urefu wa kiwandani

Kama vipimo vyako vinaonyesha springi hazijalala na gari linaishi mjini, Horohoro, Korogwe na lami ya Mombo hadi Lushoto, hapa ndipo pesa yako ifanye kazi. KYB, ambayo mafundi wanaiita Kayaba, inatosha kabisa kwa matumizi hayo, Monroe pia. Gari halitapanda hata milimita moja la maana, ila litashika barabara.

Usitegemee kipimo cha kubonyeza kona ya bodi kwa mikono, springi za pikapu ni ngumu mno kwa hilo. Endesha kilomita kumi za rafu rodi, simama, gusa shokapu zote nne kwa tahadhari. Iliyo baridi wakati wenzake ni za moto haifanyi kazi. Tazama pia tairi: likilika kwa mabonde mabonde kuzunguka ukingo, shokapu imekufa siku nyingi. Unyevunyevu mwepesi karibu na sili si kifo. Oili iliyotiririka hadi chini ndiyo kifo. Badilisha mbili mbili za ekseli moja, kamwe si moja.

Kariakoo na Gerezani kuna shokapu halisi na kuna za kubandikwa jina. Pima kwa mkono: sukuma fimbo hadi mwisho, achia. Ya gesi lazima irudi yenyewe taratibu, bila kusitasita. Kagua mishono ya kulehemu kwenye vikuku, linganisha namba iliyogongwa mwilini na ya kwenye boksi, kisha linganisha namba hiyo na katalogi ya kampuni kwenye simu ukiwa hapo hapo dukani.

Nafasi ya tatu: kuongeza bapa nyuma

Kwa wabeba mizigo wa kila siku ambao mbele hakuna tatizo. Bapa moja likiongezwa katikati ya pakiti, pamoja na shokapu mpya za nyuma, gari linasimama likibeba na gharama inabaki chini. Bapa lipindwe kwa kufuata pakiti iliyopo. Lililonyooka kupita mengine halibebi mzigo wake, na lililopinda kupita mengine linayabebea yote mpaka linakatika kwenye tundu la bolti ya katikati.

Nafasi ya nne: kukaza fimbo ya kujipinda

Kwa Hardbody na wenzake, kuzungusha bolti ya fimbo kunainua mbele bila kununua kitu, ndiyo maana inapendwa. Fimbo haiwi ngumu zaidi kwa kukazwa. Unachofanya ni kuondoa nafasi ya gurudumu kushuka. Milimita 20 hadi 25 zinakubalika, alaimenti ifuate. Zaidi ya hapo gari linagonga kizuizi cha juu kila likipita shimo.

Nafasi ya tano: spesa juu ya koili

Kipande cha alumini au plastiki ngumu juu ya shokapu ya mbele. Jihadhari na hesabu yake: kwa kuwa shokapu imefungwa katikati ya mkono, spesa ya milimita 25 inainua mbele ya gari karibu mara mbili yake. Springi iliyochoka inabaki imechoka, na shokapu sasa inafika mwisho wa urefu wake kila gurudumu linaposhuka shimoni.

Vilivyobaki hatuvipi nafasi. Shekeli ndefu inapotosha pembe ya ekseli. Bloku mbili zilizobebana chini ya springi zinaweza kuchomoka, na bloku yoyote mbele ni hatari ya moja kwa moja. Vipande vya kuinua bodi juu ya chasisi vinavuta mpira wa mafuta, fito ya usukani na nyaya za ethi. Shokapu ya mtumba umri wake haujulikani.

Kufunga, na mahali panapoharibika

Jioni kabla ya kazi, puliza dawa ya kutu kwenye bolti zote. Kwa magari ya pwani hili si hiari: bolti ya chini ya shokapu inaganda ndani ya bushi, na usiku mmoja wa dawa unakuokoa na kukata kwa moto.

Jeki si stendi. Chasisi ikae juu ya stendi mbili, magurudumu mengine yazuiwe yasibiringike. Mbele, fungua nati tatu za juu zinazoshika shokapu kwenye mnara wake. Nati ya katikati usiiguse kabisa, maana ndiyo iliyozuia springi iliyobanwa, na ikiachia inaua. Kubadilisha koili kunataka kibanio cha springi kilicho imara. Fundi asiye nacho asikuguse gari. Gurudumu likishushwa, libebwe na jeki lisining'inie kwenye hozi ya breki.

Shokapu ya mirija miwili, kabla ya kufungwa, isimamishwe wima na kusukumwa mara tano ili hewa ipande juu. Fimbo isishikwe kwa plaizi. Mkwaruzo mmoja unatosha kumaliza sili.

Nyuma, kichwa cha bolti ya katikati kiingie sawasawa kwenye tundu la ekseli, yuboliti zikazwe kwa kupishana. Za zamani zisirudishwe, zimeshavutika. Bushi za raba zote zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukikaza ekseli ikining'inia, raba inabaki imejipinda na inachanika mapema.

Kisha kuna vitu vinavyosahaulika. Hilux nyingi zina vali ya breki ya nyuma inayosoma mzigo kwa kijiti kilichounganishwa na ekseli. Gari likiinuliwa, vali inaamini halina mzigo na inapunguza breki za nyuma. Nyanyua mshikio wake kwa kiasi kile kile ulichoinua gari. Propela ya vipande viwili, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ikitetemeka wakati wa kuondoka, beringi ya katikati ishushwe kwa vipande vidogo. Mkonga ya 79 ikianza kutangatanga barabarani, inataka bushi za kurekebisha pembe ya mbele, si kukazwa usukani.

Alaimenti na taa za mbele virekebishwe siku hiyo hiyo, na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi. Baada ya kilomita 500, kaza upya yuboliti zote na rudia vipimo vya siku ya kwanza. Springi zitakuwa zimetulia na gari litakuwa limeshuka kidogo, kwa hiyo alaimenti ipimwe tena hapo.